Kutoka Mombasa Hadi Svalbard: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa kwa Shule ya Uwandani ya Aktiki

Mwanafunzi wa kwanza niliyemsaidia kujiandaa kwa shule ya uwandani, yaani kozi ya sayansi inayofanywa nje kwenye theluji na barafu, alirudishwa kwenye kaunta ya ndege akiwa na viza halali mkononi. Wa pili alifika salama, kisha akashinda kibandani siku mbili kati ya tano za kazi kwa sababu vidole vyake vilishindwa kufungua chupa ya sampuli. Wa tatu alibeba majaketi matatu mazito na jozi kumi na mbili za soksi za pamba. Wote watatu walikuwa hodari darasani. Walichoshindwa si sayansi, ni mambo ambayo yangemalizwa hapa hapa Mombasa, miezi kadhaa kabla ya safari.

Maswali ninayoletewa ni yale yale na makosa ni yale yale, kwa hiyo nimeandika kila kitu mahali pamoja. Mfano wangu ni Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kati ya latitudo ya nyuzi 74 na 81 kaskazini, kwa sababu huko ndiko kuna mji wa Longyearbyen na chuo cha UNIS, kinachofundisha sayansi ya Aktiki tangu 1993. Kama shule yako iko Greenland au Alaska, makaratasi yatakuwa mengine, lakini mavazi na mazoezi hayabadiliki.

Jipe miezi sita. Ukiwa na mitatu utawahi kwa shida. Ukiwa na mmoja tu, iandikie shule leo uulize kama unaweza kuahirishiwa.

## Vitu vya kuwa navyo

Makaratasi
- Pasipoti yenye kurasa mbili tupu, itakayodumu angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya
- Barua ya shule inayotaja tarehe, mahali pa kulala na nani analipa
- Bima ya safari iliyotaja neno Svalbard
- Taarifa ya benki, au barua ya mfadhili

Mavazi
- Nguo za ndani za sufu, juu na chini, jozi mbili
- Sweta moja la sufu au la flisi (kitambaa chepesi cha kutunza joto)
- Koti na suruali za kuzuia upepo na maji
- Soksi za sufu, jozi nne
- Glavu nyembamba za sufu jozi mbili, na jozi moja ya glavu nene zisizotenganisha vidole
- Boshori, na kitambaa cha sufu cha shingoni
- Buti pana kuliko saizi yako
- Champali za ndani ya nyumba

Kazi na mwili
- Penseli tano, daftari lisiloharibiwa na maji, tochi ya kichwani
- Chupa ya chai isiyopoteza joto
- Miwani ya jua inayoziba pembeni, mafuta ya kujikinga na jua, mafuta ya mgando
- Kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala
- Dawa zako zote za muda wote utakaokuwa huko, pamoja na cheti cha daktari

Orodha ni fupi makusudi. Anayebeba vingi huko huchelewesha wenzake.

## Hatua ya 1: Isome barua ya shule neno kwa neno

Tafuta mambo matatu: unakwenda mwezi gani, kazi yenyewe ni ya wapi (juu ya barafuto, yaani mto wa barafu, ndani ya mashua, au maabara), na shule itakupa vifaa gani.

Mwezi ndio unaoamua karibu kila kitu. Julai mjini Longyearbyen joto hucheza kwenye nyuzi sita au saba, na adui wako ni matope na manyunyu. Machi mara nyingi ni nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na kazi hufanywa kwa skuta za theluji. Kumwambia mtu "kule baridi" bila kutaja mwezi ni kama kumwambia mvuvi "bahari imechafuka" bila kumwambia ni kusi au kaskazi.

Kuhusu vifaa, shule nyingi huazima suti nene ya skuta, helmeti na buti za baridi kali. Andika barua pepe yenye maswali mawili tu: mnatuazima nini, na mnataka kila mtu aje na nini? Usinunue kitu chochote kabla hujajibiwa. Nimemwona kijana akiuza simu yake anunue suti ambayo shule ilikuwa na dazeni zake zimetundikwa ukutani.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja yenye safu mbili: vya kuazimwa na vya kununua.

## Hatua ya 2: Viza ya kuingia mara mbili

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma polepole.

Svalbard ni ya Norway, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Chini ya Mkataba wa Svalbard wa 1920, visiwa vyenyewe havimdai mtu viza. Ukiyasikia hayo unaweza kufurahi na kufunga faili. Usifunge. Ndege za kwenda Longyearbyen huanzia Norway bara, Oslo au Tromsø, na huko Mkenya hapiti bila viza ya Schengen.

Sasa fuata hesabu. Ukitua Oslo, umeingia Schengen mara ya kwanza. Ukipanda ndege ya Longyearbyen, umehesabiwa umetoka. Ndiyo maana pasipoti hukaguliwa kabla ya ndege hiyo. Ukirudi Oslo baada ya kozi, unaingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja atafika Svalbard, lakini hana njia halali ya kurudi. Shirika la ndege likiliona hilo mapema halikupandishi, na hivyo ndivyo mwanafunzi wangu wa kwanza alivyorudishwa. Fomu yake aliijaza mwenyewe, akaweka alama kwenye kisanduku cha "mara moja" kwa sababu alikuwa anasafiri safari moja.

Fuata mpangilio huu:

1. Angalia pasipoti yako leo. Kama inakaribia kuisha, omba mpya kupitia eCitizen, kisha uende ofisi ya uhamiaji upigwe picha na alama za vidole.
2. Ombi la viza hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Wewe lipeleke ikiwa imebaki miezi mitatu. Jibu huchukua kama siku 15, lakini kisheria linaweza kuvutwa hadi 45.
3. Kwenye fomu, chagua kuingia mara mbili au zaidi. Katika barua yako ya maelezo andika wazi: "Nitapita Oslo kwenda Svalbard na kurudi kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo naomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja."
4. Ombi hupelekwa Nairobi, na lazima uende mwenyewe kutoa alama za vidole. SGR kutoka Miritini ni takriban saa tano. Panga kulala, usijaribu kwenda na kurudi siku moja.
5. Pasipoti ikirudi, isome kabla hujaondoka kaunta. Palipoandikwa idadi ya kuingia pawe na 02 au MULT. Ukiona 01, sema pale pale.

Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukinyimwa.

Jambo la mwisho kuhusu fedha. Svalbard haina mfumo wa kumsaidia aliyeishiwa. Gavana wa visiwa ana uwezo wa kumrudisha mtu asiyeweza kujikimu. Hata kama shule inalipa kila kitu, uwe na fedha zako mwenyewe za dharura kwenye kadi.

## Hatua ya 3: Bima inayotaja Svalbard

Bima ya viza ya Schengen lazima ifike yuro 30,000. Wakala wengi mjini watakuuzia ya "Schengen" kwa dakika kumi, na viza utapata. Lakini umeshaona hapo juu kwamba Svalbard si Schengen. Ukivunjika mguu juu ya barafuto, karatasi hiyo inaweza isikusaidie.

Mwambie wakala akuandikie kwa maandishi kwamba bima inafanya kazi Svalbard, na kwamba inalipa kutafutwa, kuokolewa na kusafirishwa kwa ndege. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo. Mgonjwa mahututi hupelekwa Tromsø, karibu kilomita 1,000 kusini. Wakala akikujibu "usijali, inaingia tu", nenda kwa mwingine.

## Hatua ya 4: Daktari na meno

Jino linalouma kidogo ukiwa Kisauni litakutesa ukipumua hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lizibwe mapema.

Mwenye ugonjwa wa selimundu azungumze na daktari wake kabla ya kuomba nafasi, kwa sababu baridi inaweza kuamsha maumivu makali. Mwenye pumu pia aende na dawa za kutosha.

Na hili ni letu watu wa Pwani peke yetu: malaria. Unaweza kuumwa na mbu usiku wa mwisho Mtwapa ukapanda ndege ukiwa mzima kabisa. Dalili hutokea wiki moja hadi nne baadaye, pengine zaidi, ukiwa mahali ambapo daktari akisikia homa na kichwa atafikiria mafua. Lala ndani ya chandarua wiki zote za mwisho. Ukipata homa kule, sentensi ya kwanza kumwambia daktari iwe: "Nimetoka eneo la malaria, naomba nipimwe." Mwambie hata asipouliza. Mwambie na mwenzako wa chumba, asije akasema kwa niaba yako "ni uchovu wa safari".

## Hatua ya 5: Mavazi, na jinsi ya kuitambua sufu Kongowea

Sisi tuliozaliwa kwenye joto tuna wazo moja kuhusu baridi: vaa nyingi. Wazo hilo ndilo linaloumiza. Joto huzuiwa na hewa iliyotulia kati ya nguo, na nguo zikibanana hewa hiyo hutoka. Kubwa kuliko hilo ni unyevu. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 haraka kuliko hewa. Ukivaa mizigo ya nguo ukapanda kilima, utatoka jasho. Ukisimama kupima theluji, jasho hilo hilo litakugandisha.

Ndiyo maana pamba hairuhusiwi mwilini ukiwa uwandani. Pamba hunywa jasho na kulishika. Jinzi ni pamba. Fulana ni pamba. Kanga, nayo, ni pamba: ibebe, jifunge chumbani, ijaze moyo wako nyumbani, lakini usiizungushe shingoni ukitoka nje. Sufu ikiloa bado inatia joto, na hilo ndilo unalolinunua.

Safu ni tatu. Ya ndani ni sufu nyembamba inayogusa ngozi. Ya kati ni sweta au flisi. Ya nje ni koti lisilopitisha upepo, pana kiasi cha kuvalika juu ya zote bila kubana makwapa. Upepo usiudharau: nyuzi 15 chini ya sifuri pamoja na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi huusikia kama nyuzi 27 chini ya sifuri.

Sufu Mombasa ipo, na si lazima uende duka la gharama. Nenda Kongowea asubuhi siku marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Nguo hizi hazina wateja wengi huku kwetu, kwa hiyo bei huteremka ukiongea vizuri. Soma lebo kwanza. Lebo ikiwa imekatwa, fanya hivi: nunua sweta moja, vuta uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, nenda nao nyumbani, ushike kwa kibano juu ya sahani ya bati, uuwashe kwa kiberiti.

Sufu haitaki kushika moto. Ukiondoa kiberiti huzima yenyewe, hunuka kama nywele zilizoungua, na huacha majivu meusi yanayosagika vidoleni. Pamba huwaka moja kwa moja kama karatasi na kunuka kama karatasi. Nailoni na polista huyeyuka zikawa tone gumu. Tone hilo ni la moto sana, usiliguse. Mimi nilichoma nyuzi tisa meza moja, na mama akafungua madirisha yote ya nyumba, lakini kutoka siku hiyo nikaweza kuijua sufu kwa kuishika tu.

Dada wanaojitanda: hijabu ya kitambaa cha sufu chembamba, ile ya kuvutwa kichwani, hukaa vizuri chini ya helmeti na haipeperuki karibu na mashine. Wenye misuko mikubwa wajaribu helmeti ya pikipiki kabla ya kusuka. Isipoingia hiyo, ya skuta haitaingia.

Umefaulu ukiweza hivi: vaa safu zote tatu chumbani feni ikiwa inazunguka, inua mikono, chuchumaa, funga kamba za viatu. Kusiwe na mahali panapobana wala ngozi inayotokeza kiunoni. Kisha vua safu ya kati na kurudisha koti kwa chini ya dakika moja. Kule utafanya hivyo mara kumi kwa siku, kabla jasho halijatoka.

## Hatua ya 6: Viatu

Nunua buti ukiwa umevaa soksi zako mbili za sufu. Vidole vya miguu vichezeke vyote. Buti linalobana huzuia damu, na damu ndiyo inayoleta joto; soksi ya tatu ndani ya buti dogo inaleta baridi zaidi.

Champali nazo usisahau. Longyearbyen ulikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe, na mpaka leo watu huvua viatu mlangoni, hata katika majengo mengi ya umma. Kwa Mswahili hilo si geni.

## Hatua ya 7: Funza mikono yako ndani ya friza

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kazi ya uwandani hufanywa kwa vidole: kufungua kifuniko, kuandika lebo, kukaza skrubu, kufunga fundo. Hayo yote unayaweza ukiwa na mikono mitupu kwenye nyuzi 30 za Mombasa. Ukivaa glavu, mikono inakuwa ya mtu mwingine. Wengi hushindwa, wakavua glavu "kidogo tu", wakashika chuma, na baada ya dakika mbili vidole havisikii.

Anza mezani, wiki nane kabla. Vaa glavu nyembamba, na juu yake zile nene. Weka mbele yako chupa sita ndogo zenye vifuniko vya kuzungusha, penseli, vipande vya utepe wa gundi, kamba ya mita moja na tochi inayotumia betri. Fungua chupa, jaza mchanga, funga, andika tarehe na namba kwenye utepe, bandika. Badilisha betri za tochi. Funga fundo, fungua.

Mara ya kwanza utaangusha kila kitu. Utagundua kwamba glavu nene huvuliwa kwa kazi ndogo na kurudishwa mara moja, huku ile nyembamba haitoki kabisa. Utagundua pia kwamba glavu nene zinahitaji kamba ya kupita shingoni, kama za watoto, maana ukiiweka chini upepo utaichukua. Shona kamba hiyo mwenyewe.

Wiki ya nne, hamia kwenye baridi. Ami yangu anafanya biashara ya samaki Liwatoni, na nilimwomba aniruhusu kuingia kwenye chumba chake cha kugandishia. Samaki waliogandishwa huhifadhiwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi unayoweza kuikuta Machi kule. Nilisimama kati ya makreti ya jodari nikiwa na safu zangu zote, chupa zangu kwenye sinia. Dakika ya kwanza nilijiona shujaa. Dakika ya sita wino wa kalamu uligoma. Dakika ya nane nilishika kifuniko cha chuma kwa glavu nyembamba, na baridi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Siku hiyo moja ilinifundisha kuliko kitabu chochote.

Tafuta mtu wa namna hiyo: muuza samaki, bucha kubwa, kiwanda cha barafu. Omba kwa adabu, eleza unakwenda wapi na kwa nini; watu wetu hufurahi kusaidia safari ya elimu. Masharti ni haya, na usiyavunje:

- Usiingie peke yako. Mtu asimame mlangoni, na mlango ufunguke kwa ndani.
- Anza dakika tano, usizidi kumi na tano.
- Nguo ziwe kavu. Ukiwa umetoka jasho la barabarani, badilisha kwanza.
- Ukiacha kusikia kidole, toka. Usijipime ushujaa.

Usipopata chumba cha baridi, ndoo ya barafu na maji inatosha kwa mikono: zamisha glavu ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha ufanye kazi zile zile.

Umefaulu ukiweza: kujaza, kufunga na kuandika lebo ya chupa sita ndani ya chumba cha baridi kwa dakika kumi, bila kuvua glavu nyembamba hata mara moja, na mwenzako akasoma lebo zote sita bila kukuuliza.

## Hatua ya 8: Betri, kamera na daftari

Betri hupoteza nguvu haraka kwenye baridi. Simu yenye asilimia 60 inaweza kuzima ghafla, kisha ikawaka tena ikipata joto. Weka simu na betri za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na kifua.

Hatari kubwa zaidi iko pale unaporudi ndani. Kifaa chenye baridi kikiingia kwenye chumba cha joto, unyevu hugandamana juu yake na ndani yake, kama gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho mchana wa Machi hapa kwetu. Kabla ya kuingia, kitie ndani ya chombo kinachofunga kabisa, ukiache humo saa mbili bila kufungua. Makopo ya chakula yenye mfuniko unaobana yanafaa sana, na mifuko ya plastiki kwetu tangu katazo la 2017 si rahisi kupata.

Andika kwa penseli. Wino huganda.

Mafuta ya nazi ukiyabeba, yatie kwenye kopo la mdomo mpana. Hushikana yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwenye chupa nyembamba hutayatoa.

## Hatua ya 9: Miguu

Theluji laini hutembewa kama mchanga mkavu wa juu ya ufuo. Nenda Nyali au Bamburi alfajiri, begi la kilo 10 mgongoni, utembee kwenye mchanga ulegevu dakika 40, mara tatu kwa wiki. Vaa buti zako mpya. Malengelenge yakuote hapa, si kule. Ukiweza kuongea bila kuhema dakika ya 40, uko tayari.

## Hatua ya 10: Jua lisilochwa, usingizi na ibada

Mombasa jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mwili umelizoea hilo. Longyearbyen, kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi 22 Agosti, jua halichwi kabisa. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi. Mwili hauna ishara ya kulala. Shika saa ya mkononi: saa nne usiku funika macho, hata kama nje ni mchana mweupe. Asiyelala vizuri hufanya makosa, na uwandani kosa la mmoja ni hatari ya wote.

Waislamu, jambo hili mliulize nyumbani. Mahali ambapo alama za vipindi hazionekani, wanazuoni wameeleza kukadiria, wengine kwa mji wa karibu wenye usiku na mchana, wengine kwa Makka. Nenda kwa shehe wako na tarehe zako mkononi, akupe jibu moja la kulishika. Muulize pia habari ya kupangusa juu ya khofu (soksi za ngozi), maana kuosha miguu ukiwa hemani kisha kuirudisha kwenye buti ni hatari ya kweli. Dini imeweka wepesi, jifunze masharti yake kabla.

Chakula: Norway hairuhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka nje ya Ulaya, kwa hiyo acha mkate wa nyama wa shangazi. Bizari ya pilau na tangawizi kavu ni nyepesi, na zitakuokoa. Iambie shule mapema kwamba unakula halali. Samaki huwa wapo.

## Hatua ya 11: Kufunga mizigo

Mkoba wa mkononi ubebe makaratasi, dawa, nguo za sufu jozi moja, glavu, boshori na betri zote. Buti zivae. Begi kubwa likipotelea njiani, na hupotea, bado utaweza kuanza kozi.

## Hatua ya 12: Siku za kwanza kule

Kozi huanza na mafunzo ya usalama. Usiyaone kama ada tu. Svalbard kuna dubu weupe, na nje ya mji kila kundi lazima liwe na njia ya kuwafukuza; kwa kawaida ni bastola ya fataki na bunduki. Utafundishwa hata kama hujawahi kushika silaha. Lengo ni kumwepuka mnyama: sheria iliyoanza Januari 2025 inataka ukae mita 300 mbali naye, na mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Usitoke nje ya mji peke yako, hata kwa picha moja.

Usiokote kitu cha kale pia. Vitu vyote vilivyoachwa na watu kabla ya 1946 vinalindwa kisheria, hata ubao uliooza.

Muhimu kuliko yote ni kuchunguzana nyuso. Ngozi ikianza kuganda huwa na doa jeupe kama nta, na mwenyewe hasikii. Weusi wetu hufanya doa lionekane la kijivu au lililofifia, na wenzako wa Ulaya huenda hawajawahi kuliona kwenye ngozi kama yako. Waonyeshe siku ya kwanza, waambie waangalie pua, mashavu na ncha za masikio. Doa likionekana, funika kwa kiganja chenye joto, ingia ndani. Usisugue, usipake theluji, usisogeze kwenye moto.

Mwenzako akianza kutetemeka, kisha maneno yakamkokota na miguu ikajikwaa, simamisha kazi. Avuliwe kilicholoa, avikwe kikavu, apewe kinywaji cha moto akiweza kumeza. Akiacha kutetemeka lakini bado hajachangamka, ndio anazidiwa, ita msaada.

Na wewe ukisikia baridi, sema. Sisi tumelelewa kuvumilia mbele za wageni, na nimeona vijana wa kwetu wakinyamaza kwa heshima mpaka kidole kikawa cheupe. Jifunze sentensi hii kwa Kiingereza kabla hujaondoka, uitamke kwa sauti mbele ya kioo mpaka isikupe haya: kwamba husikii vidole vyako na unahitaji kusimama sasa hivi. Kiongozi wa kundi ataisikiliza. Mwenzangu mmoja aliisema siku ya pili, kundi zima likasimama, akapewa glavu kavu na chai, na baada ya robo saa tulikuwa tumerudi kwenye shimo letu la theluji tukihesabu matabaka.